Upupu Si Mlinzi wa Shamba



Masika yakisha, na mikarafuu ikianza kutoa vitumba, kila mwenye shamba huelekeza macho juu. Hutazama matawi, akahesabu moyoni pishi atakazopata, akawaza wachumaji atawatoa wapi na fedha za kuwalipa atazipata kwa nani. Ni desturi yetu, wala hapana ubaya. Lakini leo twawaomba wanachama wetu waelekeze macho chini, kwenye yale yaliyoota baina ya mikarafuu na mipakani, kwani humo mna mimea inayoweza kumtoa mtu roho, au kumharibia mchumaji kazi yake ya siku nzima, na wengi wetu twapita kando yake kana kwamba haituhusu.

Sababu ya kuandika haya ni neno ambalo limekuwa likirudiwa barazani na hata katika mikutano yetu. Neno lenyewe ni hili: kwamba upupu ulioota mpakani usifyekwe, bali uachwe, kwa kuwa ni mlinzi asiyelala wala asiyedai mshahara. Wapo hata wanaomwaga mbegu zake kwa makusudi katika vichochoro ambavyo wezi hupita.

Wasemao hivyo si wajinga, wala hatupendi waonekane hivyo. Wizi wa karafuu ni jambo linalotuumiza sote. Mtu hupalilia mwaka mzima, akangoja mwaka wa neema, kisha usiku mmoja akaamka na kukuta matawi yamevunjwa na jamvi limekwisha kukunjwa na wenyewe wasiojulikana. Aliyefikwa na hayo akitafuta mlinzi wa bure, hatuwezi kumlaumu. Lakini tumelipima neno hili, na twaona halisimami. Upupu si mlinzi. Na mwenye shamba anayeuacha kwa kusudi atakuwa na la kujibu kwa mtu asiyekuwa mwizi.

UPUPU NI KITU GANI

Kila mtu hapa kisiwani alijua jina la upupu tangu utotoni, lakini si kila mtu huutambua kabla haujamwasha. Ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti, wa jamaa ya kunde na maharage. Majani yake hukaa matatu matatu kama ya maharage. Maua yake aghalabu ni ya zambarau iliyokoza, nayo hutundikika kwa vichala. Makaka yake yamepinda mfano wa kidole kilichokunjwa, na juu yake yamevaa manyoya mafupi ya rangi ya dhahabu iliyoingia hudhurungi. Manyoya hayo ndiyo yenye shari. Makaka yakiwa mabichi manyoya hushika. Yakikauka, hung'oka kwa upepo mdogo tu, au kwa mtu kupitisha bega.

Wataalamu wametafuta kwa nini manyoya haya huwasha namna ile, wakaona mna ndani yake kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho huamsha mishipa ya fahamu ya ngozi. Mwasho wake haupiti njia ile ya mwasho wa mzio wa kawaida, na ndiyo maana vidonge vya mzio ambavyo mtu hununua dukani mara nyingi havifui dafu mbele ya upupu. Manyoya yakiingia machoni, jambo huwa kubwa zaidi kuliko mwasho wa ngozi.

Tena lazima tuseme kwamba upo upupu usiowasha, ambao wakulima wa nchi nyingi hupanda makusudi ili kufunika ardhi, kuua magugu na kutia rutuba. Huo ni jamaa ya huu, lakini makaka yake hayana manyoya yale yanayowasha. Mwanachama akipewa mbegu na Bwana Shamba kwa kazi hiyo, asiogope. Ila asiokote mbegu porini akadhani ni zile zile.

KWA NINI TWASEMA SI MLINZI

Kwanza, upupu haumjui mwizi. Mlinzi ni yule anayepambanua baina ya mwenyeji na mgeni, baina ya anayepita kwa haki na anayepita kwa dhulma. Upupu hauna habari hiyo. Mtoto anayekwenda chuoni kwa njia ya mkato, mama anayeokota kuni, mzee anayekwenda kisimani, wote kwake ni sawasawa. Na tukisema kweli, mwizi ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuuepuka, kwa sababu yeye huichunguza njia yake kabla ya kwenda, na yule asiye na hatia hupita bila ya kuchunguza.

Pili, upupu haukai pale ulipowekwa. Leo uko mpakani. Mwakani umo ndani ya shamba. Mwaka wa tatu umekwisha kupanda juu ya mkarafuu. Makaka yakikauka hupasuka, mbegu zikaanguka, na maji ya mvua yakazichukua mpaka kwa jirani. Jirani huyo hakutaka mlinzi, wala hakushauriwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, anayedhurika zaidi ni mchumaji. Hebu tufikirini. Mkarafuu ni mti mrefu, na matawi yake yajulikana kwa kukatika bila ya kutoa taarifa. Mchumaji yuko juu, mguu mmoja juu ya tawi, mkono mmoja umeshika upembo, pakacha limetundikwa ubavuni. Upepo ukavuma na manyoya ya upupu yakamwangukia shingoni na usoni. Mtu aliyeko chini akiwashwa hujikuna. Aliyeko juu akijikuna, ameachia tawi. Tumekwisha kuzika watu na kuuguza watu kwa kuanguka mikarafuuni bila ya upupu. Je, twataka kuongeza sababu?

Hata asipoanguka, hasara ni yake. Mchumaji hulipwa kwa pishi aliyoichuma, si kwa siku aliyoamka. Akitumia nusu ya asubuhi mtoni akijiosha na kujikuna, hapana anayemlipa. Mwenye shamba amejipatia mlinzi wa bure, na mshahara wa mlinzi huyo umetoka mfukoni mwa maskini aliyekuja kumchumia. Hilo si jambo la haki, na hatuoni kwamba mwanachama yeyote mwenye kumcha Mungu akilitazama kwa njia hii ataendelea kulipenda.

Nne, manyoya huingia majamvini. Karafuu zinazoanikwa karibu na upupu uliokauka hupata manyoya na taka, na watoto na akina mama wanaokaa jioni kuchambua karafuu na makonyo huzishika kwa mikono mitupu. Mnunuzi naye hupenda karafuu safi, zisizo na taka wala mbegu za kigeni.

Basi mwenye kutaka ulinzi atafute ulinzi wa kweli. Majirani watatu au wanne wakishikana zamu za usiku katika msimu, mwizi atalala kwake. Mpakani pakipandwa mananasi yaliyokaribiana, mwizi atachomwa miguu na mwenye shamba atapata tunda. Karafuu zisiachwe jamvini usiku bila ya mtu. Haya yanataka jasho kidogo, lakini hayamdhuru asiye na kosa.

MIMEA MINGINE AMBAYO HAIWASHI LAKINI HUUA

Tumeanza na upupu kwa kuwa ndio wenye makelele. Mwenye kuguswa nao hupiga kelele, na kijiji kizima kikajua. Lakini mna mimea mingine mashambani mwetu ambayo ni kimya, na ukimya wake ndio hatari yake. Majina yake hubadilika kutoka kijiji hata kijiji, na ya Pemba mara nyingi si ya Unguja wala ya mrima. Kwa hiyo twaeleza sura zake, ili kila mtu autambue mmea kwa macho, hata kama kwao una jina jingine.

Mtipitipi, au mturituri. Huu ni mmea mwembamba unaopanda juu ya vichaka, wenye majani madogo madogo yaliyopangwa safu mbili kama ya ukwaju. Makaka yake yakipasuka huonyesha mbegu nyekundu nzuri zenye doa jeusi. Watoto huzipenda na huzitunga kuwa shanga. Huko Bara Hindi masonara walikuwa wakizitumia kupimia dhahabu. Uzuri huo ni wa nje. Ndani ya mbegu mna sumu iitwayo abrini, ambayo ni katika sumu kali kabisa zinazotoka katika mimea. Ganda la mbegu ni gumu, na mtoto akimeza nzima bila ya kutafuna huenda ikatoka kama ilivyoingia. Lakini akitafuna, au ikiwa mbegu imetobolewa kwa sindano ili itungwe, sumu hupata njia. Kwa hiyo shanga za mtipitipi zisiwe mapambo ya mtoto mdogo ambaye kila kitu hukipeleka kinywani.

Mbarika, ambao wengine huuita mbono na wa bara huuita mnyonyo. Una majani mapana yaliyochanika kama vidole vya mkono, na vitumba vyenye miba laini. Mafuta yake twayajua, na wazee wetu wameyatumia kwa dawa. Ndiyo maana watu hudhani mbegu nayo haina neno. La hasha. Sumu ya mbarika, iitwayo risini, haiingii katika mafuta; hubaki katika machicha. Mbegu chache zilizotafunwa zaweza kumweka mtoto katika hali mbaya. Na sumu hii ina hila: dalili zake hazitokei papo hapo. Zaweza kukawia saa nyingi, mzee akadhani mtoto amesalimika, kisha usiku yakaanza maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara.

Mbono kaburi. Huu twaujua kwa kupandwa makaburini na kuwa ua wa nyumba, kwa sababu hushika upesi na mbuzi hawaupendi. Ukikatwa hutoa utomvu, na matunda yake ya mviringo yakikauka huwa na mbegu nyeusi. Ubaya wa mbegu hizo ni kuwa zina ladha tamu kidogo, mfano wa njugu. Mtoto akila moja, hula ya pili, kisha huwagawia wenziwe. Ndiyo maana mbono kaburi aghalabu haumpati mtoto mmoja, bali kundi la watoto kwa siku moja, wote wakitapika na kuhara. Hatusemi kila ua wa mbono ung'olewe. Twasema usipandwe karibu na madrasa, na skuli, na mahali watoto wanapocheza, na pale penye ua tayari watoto waonyeshwe mbegu zake na waambiwe.

Mnanaha. Huota mahali palipotupwa taka na samadi, penye udongo uliochimbuliwa, na hupenda hasa pembezoni mwa sakafu za kuanikia. Majani yake ni makubwa yenye harufu mbaya, maua yake marefu mfano wa tarumbeta, meupe au yenye zambarau, na tunda lake ni la mviringo lenye miba. Kila kiungo chake kina sumu, na mbegu zaidi. Sumu zake ni pamoja na ile iitwayo atropini, ambayo madaktari wa macho huitumia kwa kipimo chao kupanua mboni ya jicho. Zamani majani yake yalikuwa yakivutwa na wagonjwa wa pumu, na hata Ulaya sigara za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa madukani. Lakini daktari ana mizani, na mwitu hauna mizani: mmea mmoja huwa na sumu nyingi, na wa pili kando yake kidogo, na mtu hawezi kujua kwa kutazama. Mwenye kudhurika nao hukaukwa kinywa, uso humwiva, mwili humpata joto, mboni zake hupanuka, moyo humwenda mbio, akanena maneno yasiyo na maana na kuona visivyokuwapo. Wengi wa wagonjwa hawa hudhaniwa wamepagawa, wakapelekwa kwa mganga kwanza, na saa za kuwaokoa zikapita.

Asidhani mtu kwamba magugu ya namna hii hubaki shambani tu. Mwaka 2019, huko Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, watu karibu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula unga wa msaada wa chakula. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika unga ule mlikuwa na atropini na skopolamini, ambazo ndizo sumu za mnanaha na jamaa zake. Gugu lililoachwa katika shamba la mtu asiyejulikana lilikwenda kuua watu ambao hawakupata kuliona shamba hilo. Nasi karafuu zetu huliwa na watu wa mbali tusiowajua, na dhamana ni hiyo hiyo.

Mnyaa. Ni mti usio na majani ya kuonekana, wenye matawi ya kijani kama vijiti au penseli. Hupandwa kuwa ua. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza, na kwa muda mtu aweza kukosa kuona. Anayeukata kwa panga kwa nguvu hujirushia mwenyewe.

Wazee wetu walikuwa na elimu ya mambo haya. Walijua kwamba mhogo mchungu hauliwi kama mhogo mtamu. Walijua kwamba ndiga, kile kiazi cha mwitu, hula mtu wakati wa njaa, lakini sharti kikatwe vipande vyembamba na kulowekwa siku nyingi kwa kubadilishwa maji. Elimu hiyo ilipita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu, shambani, kwa kuonyeshwa. Siku hizi watoto wetu wengi wanajua majina ya mimea ya vitabuni kuliko ya nyuma ya nyumba yao. Si kosa lao. Ni sisi ambao hatukuwaonyesha.

NAMNA YA KUIONDOA BILA YA KUDHURIKA

Kwa kuwa kusema "iondolewe" ni rahisi kuliko kuiondoa, twaeleza namna ya kufanya.

1. Wakati. Upupu ukatwe na kung'olewa ukiwa na maua, kabla ya makaka kukomaa. Kazi hii ifanywe mara masika yanapomalizika, ardhi ikiwa ingali laini na mizizi ikitoka kwa urahisi. Mnanaha na mbarika nayo ing'olewe kabla ya kuzaa. Mwenye kungoja hata makaka yakauke amejitafutia kazi mara mbili, na mbegu za mwakani zimekwisha kuanguka.

2. Mavazi. Nguo za mikono mirefu, suruali, viatu, kitambaa cha kufunika kinywa na pua, na glavu za ngozi au za mpira mzito. Kwa upupu na mnyaa, miwani ya kukinga macho si anasa.

3. Upepo. Mtu akae upande unakotoka upepo, si unakokwenda. Ikiwa makaka ya upupu yamekwisha kukauka, kazi ifanywe alfajiri umande ungalipo, au baada ya mvua, au yamwagiwe maji kwanza, kwani manyoya yaliyolowa hayaruki. Mti ambao upupu mkavu umeupanda usipandwe na mtu mpaka usafishwe.

4. Moto. Msiichome. Moto wa upupu hurusha manyoya, na moshi wa mnyaa hudhuru macho na kifua. Mbegu na makaka yatiwe katika gunia, yakafukiwe shimoni mbali na kisima.

5. Wanyama. Magugu yaliyokatwa yasitupwe karibu na ng'ombe na mbuzi. Mmea ukinyauka haupotezi sumu yake, na mnyama ambaye hakuugusa ukiwa mbichi huenda akaula ukiwa umenyauka pamoja na majani mengine.

6. Usafi. Panga na jembe vioshwe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mtu asile, asivute sigara wala asiguse jicho kabla ya kuosha mikono kwa sabuni.

Ama dawa za kunyunyiza za kuulia magugu, ambazo baadhi yetu wameanza kuzitegemea, twasema mambo mawili tu. Dawa huua mmea, lakini haiondoi sumu iliyomo katika mbegu zilizokwisha kukomaa. Tena dawa yenyewe ni sumu, na ikitiwa katika chupa ya soda na kuwekwa jikoni, tumeondoa hatari shambani na kuileta nyumbani. Anayetaka kuitumia amwulize kwanza Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wilaya yake.

MTU AKIDHURIKA

Aliyepatwa na upupu asijikune wala asijisugue kwa kitambaa kikavu, kwani kusugua huingiza manyoya zaidi. Avue nguo, ajimwagie maji mengi, ajioshe kwa sabuni. Manyoya yaliyoshikilia yaweza kubanduliwa kwa kubandika na kuondoa kipande cha plasta au utepe wa gundi.

Utomvu au manyoya yakiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua robo saa, kisha mtu apelekwe hospitali. Kisitiwe kitu kingine chochote, hata kile ambacho jirani anaapa kwamba kilimponya nduguye.

Aliyekula mbegu au majani ya sumu apelekwe hospitali au kituo cha afya mara moja, hata kama hana dalili. Asilazimishwe kutapika. Asipewe mafuta, wala tusingoje kuona kama maziwa yatamsaidia. Na jambo ambalo hospitali huhitaji sana na watu hulisahau: chukueni tawi la mmea wenyewe, pamoja na jani na tunda au mbegu, mkaonyeshe. Daktari anayejua mgonjwa amekula nini hupoteza muda mchache katika kutafuta.

YATUPASAYO

Twajua wapo watakaosema kwamba kufyeka ni gharama, na kwamba bei ya kibarua imepanda. Ni kweli. Lakini gharama hii ipo tu. Haondoi mtu kwa kutoilipa. Ikiwa mwenye shamba hakuilipa, atailipa mchumaji kwa siku yake iliyopotea, au mzazi kwa kulala hospitalini na mtoto wake. Sisi twaona kwamba anayeuza karafuu ndiye anayestahili kuibeba. Faida ya mti ni yake. Na kilichoota chini ya mti ni chake pia.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu, na tutayaleta mbele ya mkutano wa wanachama ili yajadiliwe. La kwanza, kila mwanachama alikague shamba lake lote, mipaka na vichaka pamoja, kabla ya siku ya kwanza ya kuchuma, na alikague pamoja na yule atakayewasimamia wachumaji. La pili, wachumaji wanapofika, waonyeshwe kwa kidole mahali ambapo pana mmea wa hatari ambao bado haukuondolewa. Mtu aliyeonywa amepewa haki yake. La tatu, mwanachama yeyote asipande wala asiache upupu kwa makusudi kuwa ulinzi, na mwenye kufanya hivyo, majirani zake wawe na haki ya kuleta shauri lake mbele ya Chama.

Juu ya watoto, neno letu ni fupi. Kumwambia mtoto "usiguse" bila ya kumwonyesha ni kumwachia aende akatafute mwenyewe. Ijumaa moja baada ya sala, au siku yoyote ya mapumziko, kila mzazi amchukue mwanawe azunguke naye shamba, amwonyeshe mtipitipi huu, mbarika huu, mnanaha huu, na amwambie kila mmoja unadhuru nini. Ni kazi ya saa moja. Walimu wa madrasa na wa skuli wakitaka kuwaleta watoto katika shamba la mwanachama kwa kazi hiyo, ofisi itafurahi kuwatafutia mahali.

Tumefunzwa chuoni, sote, kwamba kuondoa njiani kitu kinachowaudhi watu ni sehemu ya imani. Hatukufunzwa kukipanda. Wahenga nao wametuachia neno lao, tahadhari kabla ya athari, na msimu ungali mbele yetu. Panga zipo, ardhi ni laini, na makaka hayajakauka. Kila mmoja wetu aanze mpakani kwake, kisha amgongee jirani mlango.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama